Kiatu Kinapatikana

Picha ilinifikia saa kumi na moja jioni, nikiwa kwenye foleni ya mandazi. Jozi mbili za viatu juu ya gunia, kwenye kibanda cha muuza viatu Eldoret. Za kushoto ni Vaporfly zilizotumika, rangi ya kijani imeanza kufifia, na pembeni mwa soli kuna mikunjo kama ya shingo ya mzee. Za kulia ni Adios Pro, toleo la zamani lakini mpya kabisa, karatasi bado zimo ndani. Chini ya picha binamu yangu alikuwa ameandika: "Wewe ndiye mtaalamu. Nichukue gani?"

Za kijani zilikuwa shilingi 11,000. Mpya, 19,000. Yeye alikuwa na 12,000, pesa za miezi kadhaa za kupakua mahindi na kubeba mawe kati ya mazoezi. Ujumbe wa pili uliingia kabla sijajibu wa kwanza: mamake, yaani shangazi yangu, amesema kama zile mpya ndizo nzuri zaidi, atauza kondoo wawili.

Kondoo wawili, bana. Juu ya neno langu.

Inabidi nieleze huo utaalamu ulitoka wapi. Mimi huandika makala za viatu vya mbio kwa tovuti moja ya ng'ambo. Nalipwa kwa neno. Kichwa huwa ni kilekile: viatu bora vya kaboni vya marathoni mwaka huu, kipi uchague na kwa nini. Sijawahi kumiliki hata kimoja. Nimevaa kiatu cha kaboni mara moja tu, dukani hapa Nairobi, dakika nne, muuzaji akinitazama usoni ajue kama nina pesa. Kazi yenyewe haina siri. Nafungua tovuti sita, nasoma walichosema wenzangu, naandika upya kwa maneno yangu. Nashuku hao wenzangu nao wako Rongai na Kahawa Wendani wakifanya vivyo hivyo, na kwamba mahali fulani mwanzoni mwa mnyororo huu kuna mtu mmoja aliyekimbia kweli, ila hakuna anayemjua.

Basi nilimjibu binamu, "Ngoja kidogo." Nikanunua mandazi mawili nikarudi nyumbani kufikiria. Nilidhani nafikiria kiatu.

Ninachojua ni hiki. Viatu hivi vina vitu viwili vinavyovitofautisha na raba za kawaida. Cha kwanza ni povu nene, jepesi ajabu, chini ya mguu. Ukitua linabonyea, na ukiinuka linakurudishia sehemu kubwa ya nguvu uliyolibonyezea badala ya kuipoteza. Cha pili ni bamba la kaboni, gumu, limepindwa kidogo kama kijiko, likazikwa ndani ya povu hilo. Adios Pro badala ya bamba moja ina fito tano zilizopangwa kama mifupa ya mguu. Watu wengi hudhani bamba ndilo springi inayokurusha mbele. Watafiti waliwahi kulikatakata bamba la Vaporfly kwa msumeno, wakawapa wakimbiaji viatu hivyo na vile vizima, na tofauti ya nguvu zilizotumika ilikuwa ndogo mno. Inaonekana kazi kubwa inafanywa na povu. Lakini povu halina sauti nzuri kwenye tangazo. Kaboni inayo.

Ile namba maarufu, asilimia 4, ilitoka Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Mwaka wa 2017 watafiti walichapisha matokeo ya wakimbiaji 18: kwa wastani walitumia nguvu pungufu kwa asilimia 4 wakiwa na Vaporfly ya majaribio kuliko wakiwa na viatu vingine vizuri vya mbio vya wakati huo. Nike ndiyo iliyogharamia utafiti, na namba ikaandikwa kwenye jina la kiatu. Asilimia 4 ya nguvu si lazima iwe asilimia 4 ya muda, na kwa mtu anayekimbia kasi huwa pungufu. Bado ni nyingi. Kwa mtu wa saa mbili na dakika ishirini, hata asilimia 2 ni karibu dakika tatu.

Halafu kuna utafiti wa 2023 ambao sikuwahi kuutia kwenye makala zangu, kwa sababu unaharibu biashara. Uliwapima wakimbiaji saba wa Kenya wa kiwango cha dunia na saba wa Ulaya wa kawaida, wakiwa na aina kadhaa za viatu vya kisasa, ukilinganisha na kiatu chembamba cha zamani. Kwa Wakenya, kuna aliyepata faida ya asilimia 11.4, na kuna aliyepata hasara ya asilimia 11.3. Soma tena hapo. Wote ni wakimbiaji wakubwa. Kiatu kinachombeba mmoja kinamrudisha mwingine nyuma, na huwezi kujua wewe ni yupi mpaka uvae ukimbie.

Kwa hivyo swali la binamu halikuwa na jibu ninaloweza kulipata kwenye kompyuta yangu. Ningemwambia hivyo pale pale, mambo yangeisha. Lakini nilikuwa nimeanza kujiuliza jambo jingine, ambalo huwa tunabishania sana Jumamosi na marafiki zangu wanaokimbia Karura: je, ni haki? Mtu akishinda na hivi viatu, ameshinda yeye au kimeshinda kiatu?

Wanaosema ni udanganyifu wana kumbukumbu nzuri ya kuanzia. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka wa 2016, Eliud Kipchoge alichukua dhahabu, Feyisa Lilesa wa Ethiopia fedha, Galen Rupp wa Marekani shaba. Wote watatu walikuwa na viatu vya majaribio vya aina hii, ambavyo havikuwa vinauzwa popote. Kiatu kilifika madukani 2017. Nampenda Kipchoge kama Mkenya yeyote, na naamini angeshinda siku ile na patipati. Lakini aliyemaliza wa nne hakuwa na nafasi ya kulijua jambo hilo.

Ikaja Oktoba 2019. Tarehe 12, Vienna, Kipchoge akakimbia saa 1:59:40, na mguuni ana kiatu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona. Hiyo haikuhesabiwa kuwa rekodi, kwa sababu ya zamu za watu wa kumwekea kasi na mipango mingine. Kesho yake Chicago, Brigid Kosgei akakimbia 2:14:04 akiwa na Vaporfly, akaifuta rekodi ya Paula Radcliffe ya 2:15:25 iliyokuwa imekaa tangu 2003. Siku mbili tu. Januari 2020 Shirikisho la Riadha Duniani likatoa sheria: soli isizidi milimita 40, bamba lisizidi moja, na kiatu kiwe kimepatikana sokoni kwa miezi minne kabla ya kutumika mashindanoni.

Nitarudi kwenye hilo neno, kimepatikana.

Kwanza nieleze nadharia yangu, ile niliyokuwa nikiitetea Karura kwa sauti kubwa. Nilikuwa nasema kiatu si udanganyifu kwa sababu kinarudisha tu. Hakitengenezi nguvu. Ukikibonyeza kidogo kinakurudishia kidogo, ukikibonyeza sana kinakurudishia sana, na asiyefanya mazoezi hana cha kurudishiwa. Niliipenda hoja hii, na sababu ya kuipenda haikuwa ya riadha.

Kabla ya viatu nilikuwa naandika insha za wanafunzi wa ng'ambo. Wengi mnaijua hiyo kazi, hata kama hamsemi mkiwa kwa wazazi. Nilianza mwaka wa pili chuoni ili nilipe karo. Mwaka wa tatu nikaacha chuo, kwa sababu karo bado haikutosha na muda wa kusoma vitabu vyangu ulikuwa umeliwa na vitabu vya wengine. Kuna watu Uingereza na Marekani wenye digrii ambazo naweza kuwasimulia sura kwa sura. Moja ya kazi nilizozionea fahari ilikuwa insha ndefu kuhusu haki, mgawanyo wa haki wa vitu katika jamii. Mteja alipata alama ya juu. Akanitumia emoji ya moto.

Sasa ile hoja ya kurudisha ilikuwa inanisaidia kupanga mambo kichwani. Kiatu kinarudisha ulichoweka. Mimi sikumrudishia mteja chochote, kwa sababu hakuweka chochote. Mteja wangu hakuvaa kiatu cha kaboni. Alipanda matatu akashukia mita mia mbili kabla ya utepe. Kwa hivyo kiatu ni halali, insha yangu haikuwa halali, na mimi angalau najua tofauti. Nililala vizuri na hoja hiyo kama mwaka mmoja.

Rafiki mmoja aliivunja tukiwa tunakunywa maji kwenye geti la msitu. Aliuliza: na EPO je? Nayo haikimbii. Dawa za damu humsaidia tu aliyefanya mazoezi. Ukimdunga jirani yako mnene hatashinda Berlin. Kama kigezo ni kwamba msaada unategemea jasho lako, basi dawa nazo ziko sawa.

Sikuwa na jibu siku hiyo. Na sisi Wakenya hatuwezi kulichukulia swali hilo kama mchezo wa maneno, tukiiangalia orodha yetu ya waliofungiwa kwa dawa. Nilichokuja kuona baadaye ni kwamba nilikuwa natafuta tofauti ndani ya msaada wenyewe, ilhali sehemu yake iko nje. Dawa inaumiza mwili, hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kwamba dawa inafichwa. Kiatu kiko mguuni, kila mtu anakiona, mpinzani anaweza kukisoma jina, mwandishi wa habari anaweza kukipiga picha. Insha yangu ilikuwa na jina la mtu mwingine juu yake. Ukiulizwa "umetumia nini?" na unaweza kunyanyua mguu ukaonyesha, kuna aina ya uongo ambao hujausema.

Lakini hata uwazi haukunitosha jioni ile, kwa sababu kwenye simu yangu kulikuwa na picha ya viatu viwili vilivyo wazi kabisa, na kondoo wawili.

Turudi kwenye neno. Kiswahili kina ujanja wake katika vitenzi vya namna hii. Tunasema kitu kinapatikana, na hatulazimiki kusema nani anakipata. Maji yanapatikana Nairobi. Nyumba zinapatikana. Nafasi za chuo zinapatikana, nilikuwa nayo moja. Kiatu kikikaa dirishani kwa bei ya shilingi elfu thelathini na kitu, kwa mujibu wa sheria kinapatikana kwa binamu yangu sawasawa na kinavyopatikana kwa mwanariadha mwenye mkataba anayeletewa sita kwa kasha. Tofauti ni kwamba mwenye mkataba hanunui. Yule ambaye angeweza kukilipia bila kuhisi ndiye anayepewa bure.

Na mkataba unapatikanaje? Kwa muda. Meneja anayekuja Eldoret kutafuta vijana anaangalia karatasi ya matokeo, na karatasi ya matokeo haina safu ya viatu. Anaona 2:21 na 2:18. Hajui 2:21 ilikimbiwa na raba zilizoshonwa mara mbili. Ili upate kiatu unahitaji muda mzuri, na ili upate muda mzuri siku hizi unahitaji kiatu, kwa sababu wote walio mbele yako wanacho. Shirikisho liliwahi kutangaza mpango wa kuwasaidia kwa viatu wanariadha wa kiwango cha juu wasio na wafadhili. Ni jambo jema. Ila binamu yangu si wa kiwango cha juu. Anajaribu kufika huko, na ni njiani ndipo kiatu kinapoamua.

Najua jibu la wazee wa riadha. Michezo haijawahi kuwa sawa. Kuna aliyezaliwa mita 2,400 juu ya bahari na aliyezaliwa ufukweni, kuna aliyekunywa maziwa na aliyekunywa chai ya rangi, kuna ambaye babake ana shamba la kumlisha akifanya mazoezi miaka mitatu bila kuleta senti. Kweli. Kisha wanamtaja Abebe Bikila, aliyeshinda Roma 1960 kwa miguu mitupu, 2:15:16. Hapo ndipo mimi hukasirika. Hadithi ya Bikila imegeuzwa fimbo ya kuwachapia maskini: kama una kipaji kweli, si ungekimbia bila viatu? Wanasahau kumalizia hadithi. Tokyo, 1964, Bikila alivaa viatu. Akakimbia 2:12:11 na kuweka rekodi ya dunia. Alipopata kilichomfaa, alikivaa, na hakuna aliyemwambia kipaji chake kimepungua.

Upande wa pili kuna wenzangu wa Karura na wale wa mbio za Nairobi, watu wa benki na wa kompyuta, wenye viatu vya elfu thelathini na tano wakimaliza kwa saa tano. Mtandaoni wanachekwa sana. Mimi sioni kosa lao. Hawamchukulii mtu nafasi. Wanashindana na mwili wao wa mwaka jana, na akitaka kuufanyia sherehe huo mwili kwa kiatu ghali, ni pesa yake. Kiatu kilekile kina uzito tofauti kulingana na nani yuko nyuma yako na anapoteza nini ukimpita. Kwa hiyo sidhani tunaweza kusema kiatu ni cha haki au si cha haki, ukikiweka tu mezani peke yake.

Ila kuna viatu vinavyonipa shida hata mezani. Septemba 2023, Berlin, Tigst Assefa wa Ethiopia alikimbia 2:11:53, rekodi ya dunia ya wanawake wakati huo, kisha akakivua kiatu na kukiinua juu. Adios Pro Evo 1, gramu 138, nyepesi kuliko simu ninayoandikia haya. Bei yake dola 500, zaidi ya shilingi 70,000 wakati ule, na kampuni yenyewe ilisema kimekusudiwa kwa mbio moja ya marathoni, pamoja na muda kidogo wa kukizoea. Na wiki mbili baadaye Chicago, Kelvin Kiptum, Mungu amlaze pema, akakimbia 2:00:35 akiwa na kiatu cha majaribio ambacho madukani kilifika mwaka uliofuata. Sheria ilikuwa imeshafungua mlango wa viatu vya majaribio vilivyoidhinishwa. Kumbe hata kule kupatikana kwenyewe kulikuwa na likizo yake. Simnyang'anyi Kiptum hata sekunde moja. Nasema tu kwamba neno lililowekwa kulinda walio nyuma lililegezwa upande wa walio mbele.

Nilikuwa nimefika hapo, nimejiona mwanafalsafa, ndipo binamu akatuma ujumbe wa sauti.

"Sikiza. Nimesoma makala yako yote. Ulisema hiyo Vaporfly inakaa kilomita 400 kabla povu lichoke. Huyu jamaa anasema mwenyewe alikuwa mwanariadha, alikimbia nayo 150 tu huko Ulaya akamwachia. Kwa hivyo nina 250. Si hiyo inatosha? Ama hesabu yangu ni mbaya?"

Niliusikiliza mara mbili. Hesabu yake ilikuwa sawa. Shida ilikuwa 400.

Hiyo namba niliitoa wapi? Nakumbuka vizuri. Tovuti moja ilisema 300, nyingine 500. Nilikuwa nimechoka, saa nane usiku, makala inatakiwa asubuhi. Nikaweka katikati. Sikuweka "labda", kwa sababu "labda" haiuzi kiatu, na mhariri huzifuta. Mtu mmoja mwenye 12,000 mfukoni alikuwa amekaa kwenye kibanda Eldoret akitoa 150 kwenye namba niliyoiokota kwa sababu ya usingizi.

Nilimpigia. Nikamwambia sijawahi kukimbia na hivyo viatu. Akacheka sana.

"Kwani ulidhani nilidhani umekimbia? Wewe ukikimbilia matatu unapumua kama ng'ombe wa kulima."

"Basi mbona unaniuliza?"

Akanyamaza kidogo. "Nilidhani nyinyi mna watu mnaowauliza."

Hiyo ilinichoma kuliko kucheka kwake. Alijua mimi sijavaa, lakini alidhani nyuma ya namba kuna mtu. Kuna mkimbiaji, kuna maabara, kuna daftari. Mteja wangu wa insha ya haki alijua hasa ananunua nini. Mwalimu wake ndiye aliyedanganywa, na mwalimu yule hakuwa na uso kwangu, alikuwa Manchester au wapi sijui. Safari hii aliyedanganywa ni mtoto wa shangazi, niliyelala naye kitanda kimoja kila Desemba. Na nilikuwa nimeshatumia mwaka mzima kubishana kama bamba la kaboni ni udanganyifu.

Nikamwambia nilichokuwa na uhakika nacho, na kilikuwa kidogo. Kwamba mguu wake unaweza kukikataa kiatu kinachosifiwa. Kwamba kondoo wasiuzwe kwanza. Kwamba amwombe muuzaji akimbie kidogo na jozi zote mbili kwenye lami, kwa mwendo wa mashindano, achague ile ambayo baada ya kilomita kadhaa ataisahau mguuni.

Muuzaji alikataa katakata kuhusu zile mpya. Soli ikishika vumbi si mpya tena, nani atailipia 19,000? Za kijani akaruhusu, mradi kitambulisho kibaki kibandani. Nilikuwa sijaliona hilo pia nilipotoa ushauri wangu mzuri: kati ya viatu viwili, maskini anaruhusiwa kujaribu kimoja tu, na ni kile ambacho mwingine ameshakitumia. Binamu akakimbia kilomita tano, akarudi, akasema ziko sawa, kidole kidogo tu kinaguswa upande. Akalipa 11,000. Akabaki na 1,000. Kondoo wako.

Wiki sita baadaye alikimbia marathoni huko huko, nikamtumia nauli. 2:18 na sekunde kadhaa, nafasi ya 24. Pesa za zawadi ziliishia nafasi ya 20. Muda wake wa awali ulikuwa 2:21. Ukiniuliza dakika hizo tatu zilitoka wapi, siwezi kukuambia. Alikuwa pia ameongeza mazoezi ya kilima na kuacha kubeba mawe wiki mbili za mwisho. Tovuti ingeniuliza, ningeandika zilitoka kwenye kiatu.

Shangazi aliuliza swali lake kwa simu, spika ikiwa wazi. "Na hao wanne waliokutangulia kabla ya pesa kuisha, walivaa nini?"

Binamu akamwambia hakuona miguu yao, aliona migongo tu.

Tangu hapo nimeiandikia ile tovuti mara mbili nikitaka 400 ibadilishwe, iwekwe kwamba inategemea uzito wa mtu na barabara na kwamba hakuna anayejua kwa hakika. Hawajajibu. Bado naandika nyingine, kodi ni kodi, ila siku hizi nikiweka namba naweka na mahali ilipotoka, na maneno yanayofutwa silipwi.

Mwezi jana nilienda kuwaona. Wanaishi watatu chumba kimoja nje kidogo ya Iten, magodoro mawili, jiko la mafuta, maji kwenye mtungi. Viatu vya kijani viko juu ya kabati peke yake, vimejazwa magazeti. Vinatumika kwa mashindano tu. Mmoja wa wenzake ana mguu wa saizi ileile, na alikuwa ameviazima Jumapili iliyotangulia kwa marathoni ya upande wa Kitale. Nilimuuliza binamu kama haoni ni hasara, maana kila mbio inamla povu lake. Akasema aliwaza usiku mzima ampe au asimpe. Mwishoni aliona kumnyima ni kugumu zaidi, kwa sababu wanafanya mazoezi pamoja kila asubuhi na angekuwa anamwona.

Ukutani, kando ya mlango, kuna hesabu ya makaa. Juu kabisa 250. Chini yake wametoa 5, ya siku ya majaribio. Wakatoa 42 za binamu. Wakatoa 42 za mwenzake. Imebaki 161.

Nikamwambia tena, pale pale, kwamba ile 400 si namba ya kuaminika, niliitunga nikiwa na usingizi, wasiifuate.

"Tunajua," alisema. "Ulishasema. Lakini tunahitaji namba fulani ya kugawana."